Parseli ya Kolwezi: Cha Kuulizia Kabla ya Kutoa Pesa

Mashamba ni jina la mahali ambapo jembe halina kazi tena. Karibu na Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina hilo limebaki kwenye machimbo mawili makubwa ya shaba na kobalti. Mashamba Mashariki ni ya Kamoto Copper Company, ambayo mwenye hisa mkubwa ni Glencore ya Uswisi. Mashamba Magharibi yaliingizwa, pamoja na Dikuluwe, katika mkataba wa Sicomines uliofikiwa mwaka 2008 kati ya Kongo na makampuni ya China. Katikati ya machimbo kama hayo, viwanda vyake na vilima vya mabaki ya madini, familia zinatafuta nyumba. Zinakagua paa, zinahesabu vyumba, zinapatana bei na mwenye parseli, kisha zinahamia.

Mara nyingi hakuna aliyeuliza kuna nini chini ya sakafu.

Wakazi wa Kasulo, kartie ya Kolwezi, walikuja kulijua jibu bila kuuliza. Katikati ya mwaka 2014 mtu mmoja wa kartie hiyo alikuwa akichimba uani kwake, akakutana na jiwe jeusi ambalo kila mtu wa Kolwezi analitambua: heterojeniti, yenye kobalti. Siri ya namna hiyo haikai. Muda si mrefu watu walikuwa wakichimba uani, vibarazani, hata ndani ya vyumba vya kulala, na mashimo yakapita chini ya nyumba za majirani ambao hawakuwa wameshika sururu. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliwahamisha watu wa sehemu moja ya kartie. Eneo hilo likazungushiwa ukuta, na madini yake yakawa yanauzwa kwa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China.

Ukuta huzuia watu. Vumbi lilikuwa limekwisha kuingia majumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza na Benoit Nemery, waliwapima watu wa Kasulo na kuwalinganisha na wakazi wa eneo la jirani lisilochimbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko zote kwa watoto, na kwao zilionekana pia dalili za madhara katika chembe za urithi. Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto hutambaa, hucheza chini na kutia vidole mdomoni, na kwa uzito wake mdogo, kiasi kilekile cha vumbi humwelemea zaidi kuliko baba yake. Utafiti wa mapema zaidi wa wataalamu haohao, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa umeonyesha kwamba walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia ndio waliobeba mzigo mkubwa. Kilomita 3 ni mwendo wa mguu wa chini ya saa moja. Mnunuzi anaweza kuupima mwenyewe siku ya kwanza ya kutembelea nyumba.

Kwenye karatasi nako kuna la kuchungulia. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola; raia hupewa haki ya kuitumia, na hati inayomlinda ni cheti cha uandikishaji. Barua ya chefu wa kartie haitoshi. Lakini hata mwenye cheti safi hamiliki kilicho chini ya msingi wa nyumba. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inatenganisha haki ya juu ya ardhi na haki ya madini. Kampuni inaweza kushika kibali cha kuchimba cha miaka 25 juu ya eneo lenye nyumba, nyumba hizo zikiwa na hati halali. Wenye nyumba wana haki ya kulipwa fidia, na cheti ndicho kinachoipa dai lao nguvu. Hakiwapi neno la mwisho kuhusu kubaki.

Kwa sababu hiyo safari moja haitoshi. Baada ya ofisi ya hati za ardhi, mnunuzi anapaswa kuangalia ramani za Kadasta ya Madini, ambayo wengi huijua kwa ufupisho wa CAMI. Ramani hizo ziko wazi kwa umma, hata kwenye intaneti. Nchi imegawanywa katika miraba, kila mmoja wa karibu hekta 85, na vibali vimechorwa juu yake. Simu yenye kuonyesha mahali ilipo inatosha kujua parseli imeangukia mraba gani na jina la kampuni gani limeandikwa hapo.

Mfano wa kutia uchungu ni Cité Gécamines, mtaa wa katikati ya mji uliojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni ya taifa, wenye nyumba imara, maji na umeme. Hakuna ambaye angeuita mtaa wa hatari. Kisha mgodi wa COMMUS, unaoendeshwa na Zijin ya China, ukaanza kupanuka mwaka 2015. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walitoa ripoti kuhusu familia zilizotakiwa kuondoka, nyumba zilizopasuka nyufa kwa milipuko, na fidia ambayo wenyewe walisema haikutosha kupata nyumba ya hadhi ile. Kwa hiyo nyufa zisomwe kwa makini. Ufa wa msingi mbovu huwa wa nyumba moja. Zikipasuka nyumba tano mfululizo, mtu aulize baruti inapigwa saa ngapi.

Maji nayo yana historia. Mwaka 2012 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha maji ya asidi yakitoka kwenye kiwanda cha Luilu na kuingia mtoni; Glencore ilijibu kwamba ilikirithi kiwanda kikiwa hivyo na kwamba kinarekebishwa. Mtu anayenunua karibu na mto au bonde aulize kuna nini upande wa juu, maji yanakotoka. Maji yenye madini yanaweza kuonekana meupe kabisa machoni, na kuyachemsha kunaua vijidudu tu. Shaba na kobalti hubaki ndani ya sufuria.

Kwamba sumu ya kiwanda cha jirani haionekani kwa macho, watu wa Mombasa, Kenya, walijifunza kwa gharama kubwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, na madini ya risasi yakaingia katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ziliendelea hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Watoto wa mwaka 2007 walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Lualaba ina faida moja kwa mwenye subira: majira yake mawili husema mengi. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, mnunuzi ataona maji yanakopita na yanaacha rangi gani mchangani. Wakati wa kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na kartie iliyo upande wa pili wa kilima cha mabaki ndiyo inayolishwa vumbi. Mwezi wa Agosti apite tena alasiri, bila mwenye nyumba, abishe hodi kwa mama wa parseli ya jirani na kumwuliza anafuta meza mara ngapi kwa siku.