Simu ya Nani Inalia?

Mwezi huu tunaongelea mlio wa simu. Wengi wanasema ni mambo ya vijana. Mzazi, usiruke ukurasa huu, na wewe unakuhusu.

Mwaka 2009 nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa kambini, simu ikalia. Watu kama sita tukapapasa mifuko na vitenge kwa pamoja, maana milio yetu ilikuwa mmoja, ule wa Nokia. Mimi zamu yangu ya bomba imefika, ndoo iko mkononi. Nikasema, "Aa, si yangu hiyo." Ikalia tena, na tena, ikanyamaza.

Jioni nikakuta namba ngeni imepiga mara tatu. Kupiga, akapokea dereva wa lori. "Mama, kuna kijana nilimwazima simu, ameshashuka Uvira." Akanitajia jina. Alikuwa mdogo wangu! Tangu tukimbie Fizi sikuwa nimesikia sauti yake. Tulikuja kupatana baada ya miezi saba.

Mlio mmoja, simu nyingi

Ule mlio wa Nokia umetoka mbali. Ni kipande cha muziki wa gitaa uitwao Gran Vals, alioutunga Mhispania Francisco Tárrega mwaka 1902. Nokia walianza kuutumia kwenye simu zao mwaka 1994. Halafu mwaka 2003 ikatoka Nokia 1100, ile yenye tochi, na zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ndiyo maana foleni nzima ilishtuka!

Siku hizi simu ni za aina nyingine, lakini kosa ni lile lile. Tunanunua simu, tunaacha mlio uliokuja nao. Simu kumi za aina moja zikiwa pamoja, zote zinalia sawa.

Namba ngeni ni muhimu kwetu

Watu wengine wakiona namba wasiyoijua wanaiacha. Sisi wakimbizi tuna ndugu wasio na simu, wanaazima ya mpita njia. Basi fanya hivi:

1. Mlio wa kawaida wa simu yako, ndio unaolia kwa namba ngeni, uwe wako peke yako. Uliza majirani wanatumia upi, wewe chagua mwingine.

2. Watu wa familia wape mlio wao. Kwenye simu nyingi unafungua jina la mtu, unabadilisha taarifa zake, unachagua mlio. Ukishindwa, mwite mtoto akusaidie.

3. Ukiacha simu kwenye chaji kibandani, usiizime. Mwombe mwenye kibanda akusikilizie, na mpigaji aulizwe jina na mahali alipo.

4. Pokea, lakini kuwa mwangalifu. Anayeanza kuuliza namba yako ya siri au kudai pesa ya "kukutafutia ndugu", kata simu.

Milio ya kuogopesha

Vijana, hapa tuongee wazi. Kuna milio ya risasi, mabomu na ving'ora. Nyinyi mnacheka, lakini jirani yako alikimbia sauti hizo hizo. Nimemuona mama mzima akilala chini na mtoto mgongoni kwa sababu ya simu ya mtu. Ifuteni. Na kwenye kliniki, ibada au matanga, weka mtetemo. Ukitoka tu, rudisha sauti, usije ukasahau.

Usilipie bila kujua

Mlio wa simu yako unausikia wewe. Ule wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea ni kitu kingine. Ni huduma ya mtandao, na mara nyingi unakatwa salio kila siku au kila mwezi. Ukiona salio linaisha bila kupiga, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waulize umeunganishwa na nini, waambie wakutoe.

Mlio mzuri unaweza kuupata bure. Simu nyingi zinarekodi sauti, na nyingi zinakubali sauti hiyo iwe mlio. Rekodi ngoma ya kwenu, mtoto akicheka, au mzee akikuita kwa jina la utotoni.

Mimi nilirekodi sauti ya mama yangu akiniita kama alivyoniita nikiwa mdogo kule Fizi. Simu ikilia, watoto wanakimbia kunifuata: "Mama, bibi anakuita!" Hata nikiwa bombani na kelele zote zile, najua ni yangu.

Leo jioni mkimaliza kula, kaeni pamoja, kila mwenye simu achague mlio wake na wengine wausikie. Simu ikilia mwenyewe hayupo, kila mtu nyumbani ajue ni ya nani, apokee.

Tukutane mwezi ujao.