Ngozi na Ngozi Bandia katika Viti vya Magari ya Kale

Mfasiri wa maelekezo ya kutunza magari ya kale hutambua upesi kwamba neno ngozi limebebeshwa mzigo mzito mno. Huitwa ngozi ile ya ng'ombe, na huitwa ngozi pia kitambaa kilichopakwa plastiki, mfano wa kile kilichoshonewa viti vya Volkswagen Beetle nyingi, gari ambalo uundaji wake ulikoma Mexico mwaka 2003.

Mchanganyiko huu huharibu mali. Ngozi ya mnyama ina mafuta ndani yake; yakikaushwa na joto hukakamaa na kupasuka, ndiyo sababu hupakwa mafuta yake maalumu. Ngozi bandia haiyafyonzi. Mafuta hayo hubaki juu yakinasa vumbi. Yenyewe yatosha kufutwa kwa maji ya sabuni isiyo kali na kukingwa na jua, kwani jua huondoa vilainishi vilivyomo katika plastiki. Mwenye gari aliyeelekezwa tu “paka ngozi mafuta” amepotoshwa na mfasiri, wala si na fundi.

Twapendekeza basi ngozi, pasipo kivumishi, iwe ya mnyama tu. Ama kava, mafundi hulitumia kwa kile kilichoshonewa kiti na kwa kile kinachovalishwa juu yake kukikinga. Hiki cha pili tungekiita foronya, maana huvuliwa kikafuliwa kama foronya ya mto. Cha kwanza, vazi la kiti. Gari kuukuu tusiandike kamwe: mwenyewe amelitunza miaka hamsini, nasi twamwambia limechakaa!