Utangulizi: Kupima Kupona kwa Neva kwa Nyayo za Panya

Mfugaji wa Bariadi humtazama ng'ombe akitembea, akajua mguu upi una hitilafu kabla hajaugusa. Somo hili limesimama juu ya jicho kama hilo, ila sisi tunamtazama panya wa maabara, na tunataka namba.

Tuanze na neva, yaani mshipa wa fahamu: hupeleka amri za ubongo kwenye misuli na kurudisha hisia. Neva ya mkono ikikatika katika ajali ya bodaboda, daktari aweza kuiunga, nayo huota upya takriban milimita 1 kwa siku. Piga hesabu kutoka begani hadi vidoleni, utaona kwa nini watafiti wanatafuta tiba ya kuharakisha safari hiyo, na kwa nini wanahitaji kipimo cha kuaminika.

Kwa panya, tunachunguza siatiki, neva nene inayopita nyuma ya paja. Ikiumia, vidole vya mguu havitanuki vizuri na alama ya unyayo hurefuka. Mwaka 1982, de Medinaceli na wenzake walizigeuza alama hizo kuwa kielezo, yaani namba moja inayojumlisha vipimo kadhaa: 0 ni mguu mzima, na karibu na -100 ni mguu uliopoteza kazi yake.

Huenda unajiuliza: kama rula inatosha kupima alama hizo, mashine ya nini? Watu wawili wakipima unyayo mmoja hutofautiana, na mwenye hamu ya kuona nafuu aweza kuiona isipokuwepo. Ndipo huja upimaji wa kujiendesha: kamera hurekodi mwendo, programu hupima. Katika programu ya DeepLabCut, iliyotolewa mwaka 2018, mtu huweka alama kwenye kisigino na vidole katika picha chache. Programu hujifunza, kisha huvitafuta yenyewe katika picha nyingine maelfu. Tena panya yuleyule hupimwa kila wiki akiwa hai, hivyo wanyama wachache hutosha.

Lakini shika hili: programu hupata vidole, haijui kupona ni nini. Panya akibadili kasi, unyayo hubadilika. Vidole vikikakamaa, kielezo hupotosha hata kama neva imeota. Kwa hiyo anza kwa kupima nyayo kwa mkono wako, kisha linganisha na majibu ya programu. Ukiweza kueleza kwa nini yanatofautiana, uko tayari kwa sura zinazofuata.