Grafu ya bei ikitoka kopi nyeusi: namna ya kutofautisha mistari na alama

Leo tumuweke pembeni kidogo kantangaze, tuongelee karatasi tunazowagawia wakulima. Naongea zaidi na maafisa ugani wenzangu na makatibu wa vikundi, ila hata mkulima anayetunza rekodi zake kwenye kompyuta itamfaa.

Msimu mmoja nilichora grafu ya bei za Soko la Kilombero, nyanya na hoho, mwezi kwa mwezi. Kwenye skrini ilipendeza sana: nyanya mstari mwekundu, hoho kijani. Nikaenda steshenari hapa Kijenge nikatoa kopi arobaini nyeusi, maana hela ya kopi za rangi sikuwa nayo. Mistari yote miwili ikatoka kijivu kilekile. Sikuangalia, nikagawa. Mama mmoja wa Moshono akafuata mstari wa hoho akidhani ni wa nyanya, akasia mbegu ili avune mwezi ule aliouona umepanda. Kosa la namna hii halionekani kesho yake. Nyanya inakaa kitaluni kama mwezi, halafu shambani miezi miwili na nusu hadi mitatu. Alipofika sokoni, tenga lilikuwa limeshuka vibaya. Akaniambia, "Bwana shamba, karatasi yako imenila hela." Sikuwa na la kujibu.

Mimi natumia gnuplot. Ni programu ya bure, ipo tangu 1986, na inafanya kazi kwa amri za kuandika badala ya kubofyabofya. Haitaki laptopu ya maana. Ya kwangu ni ya zamani na inakwenda vizuri tu. Amri ukishaziandika kwenye faili, mwezi ujao unaongeza takwimu na grafu inatoka na sura ileile.

Tuseme faili lako la bei.txt lina safu tatu: namba ya mwezi, bei ya tenga la nyanya, bei ya gunia la hoho. Andika hivi:

plot "bei.txt" using 1:2 with linespoints

Hapo unapata mstari pamoja na alama kwenye kila mwezi. Ukiandika with lines unapata mstari mtupu, na with points unapata alama peke yake. Kwa bei za mwezi napenda vyote viwili, kwa sababu alama ndiyo bei tuliyoiuliza kweli sokoni, na mstari ni wa kuongoza jicho tu. (Mvua ya mwezi usiiunganishe kwa mstari kabisa, tumia with boxes. Jumla ya Aprili ni ya Aprili, ya Mei ni ya Mei, hakuna kitu kinachopita katikati.) Kuna wenzetu wanaongeza smooth csplines ili mstari ujipinde vizuri. Unapendeza kweli, lakini unaweza kupanda juu kuliko bei yoyote iliyowahi kuulizwa, na mkulima atakushika kwa hiyo bei.

Sasa dawa ya lile kosa langu. Achana na rangi, tofautisha kwa unene, mkato na umbo la alama:

set style line 1 lc rgb "black" lw 3 dt 1 pt 7 ps 1.5
set style line 2 lc rgb "black" lw 2 dt 2 pt 4 ps 1.5
plot "bei.txt" using 1:2 with linespoints ls 1 title "Nyanya", "" using 1:3 with linespoints ls 2 title "Hoho"

Herufi lc ni rangi, lw ni unene wa mstari, ps ni ukubwa wa alama. Kazi kubwa iko kwenye dt na pt. dt 1 ni mstari mzima, dt 2 ni wa kukatakata. Ikikugomea hapo, angalia toleo lako, maana dt ilikuja na toleo la 5 mwaka 2015. pt 7 kwa kawaida ni duara lililojazwa na pt 4 ni mraba ulio wazi, lakini namba hizi zinaweza kubadilika kutegemea picha inatolewa kwa njia gani. Usikariri. Andika neno test, programu itakuchorea alama zote na namba zake. Zile mitandao ya alama za nyota na msalaba mimi siziweki, zikipita kwenye mashine ya kopi zinafanana.

Ukiwa na bei za kila siku, alama zitabanana mpaka mstari usionekane. Ongeza pi 7 mwishoni mwa mtindo, itaweka alama moja kila baada ya siku saba.

Na mwezi ambao hatukwenda sokoni? Usiandike sifuri. Mstari utaanguka hadi chini na watu wataamini nyanya zilikuwa za bure. Acha mstari mmoja mtupu kwenye faili, na grafu itakatika pale pale, kila mtu aone hapakuwa na taarifa.

Kupata picha ya kuprinti, kabla ya plot weka:

set terminal pngcairo size 1000,600
set output "bei.png"

Baada ya plot andika set output peke yake ili faili lifungwe, la sivyo unaweza kukuta picha haijakamilika.

Siku hizi natoa kopi moja kwanza, shilingi mia, nampa yule dada wa steshenari ambaye halimi nyanya wala hoho, namuuliza mstari wa nyanya ni upi. Akisita, narudi nyumbani kuongeza lw.