Kadi ya matibabu ikatwe tumbaku inapouzwa

MKULIMA wa tumbaku wilayani Mpanda hushika fedha za maana mara moja kwa mwaka, masoko yanapofunguliwa mvua zikiisha. Malaria haisubiri soko. Hushamiri wakati wa masika, pembejeo zikiwa za mkopo na ghala la mahindi likielekea kuwa tupu.

Hapo ugonjwa huwa ghali kuliko inavyoonekana kwenye risiti. Baba huuza mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi, ili apate nauli na dawa. Kwa anayetoka Mishamo kuja mjini, nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, yaweza kuzidi bei ya dawa zenyewe.

Wapo wasiopaswa kulipa. Uchangiaji wa huduma za afya ulianza mwaka 1993, lakini sera imewapa msamaha wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na Ukimwi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwataja pia wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na uwezo. Kwa mzee, umri pekee hautoshi. Ni vyema aende kwa mtendaji wa kijiji kupata utambulisho angali mzima, si siku anapobebwa kwa baiskeli.

Kwa wengine, njia nafuu iliyobuniwa kwa ajili ya vijijini ni Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Ulijaribiwa Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990 na kupewa sheria mwaka 2001. Kaya ilichangia, Serikali ikaongeza kiasi kilekile, ndiyo "tele kwa tele". Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa Sh30,000 kwa mwaka, na kadi ikatumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hiyo ni Sh5,000 kwa kila mtu. Tangu ipitishwe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mipango hii inabadilika, hivyo kiwango kiulizwe zahanati kabla ya kulipa.

Mbona basi wengi hawakujiunga? Sita ni wachache kwa kaya ya Kisukuma. Tena mwenye kadi akiambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, mwakani harudi. Hubaki wale wenye mgonjwa nyumbani, na mfuko wa wagonjwa watupu hausimami.

Meno ni habari nyingine. Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa meno, na jino huvumiliwa kwa maji ya chumvi mpaka shavu livimbe. Shirika la Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza, lilileta madaktari wa meno wa kujitolea kutoka Uingereza wawafundishe matabibu wa vijijini kung'oa meno. Wageni huondoka, tabibu hubaki. Kambi za bure husaidia, ila jino halijui ratiba ya kambi.

Kuhusu fedha, chama cha msingi hukata mkopo wa mbolea kabla mkulima hajalipwa. Mkutano mkuu ukikubali, mchango wa matibabu waweza kupitia makato hayohayo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwahi kuwafuata wakulima vyamani kwa mpango wa Ushirika Afya. Mwanachama adai kadi yake mapema, kwani chama kikichelewa kuwasilisha fedha, karatasi ya makato haitamtibu mtu Januari.