Mwindo wa Wanyanga na Rey wa Star Wars: je, damu inatosha kumfanya mtu shujaa?

GOMA – Mwaka 2017 watazamaji wa Star Wars waliambiwa kwamba Rey, msichana mwenye nguvu za ajabu, ni mtoto wa watu wasiojulikana, waliomuuza ili wapate pesa ya pombe. Mwaka 2019 filamu iliyofuata ikageuza maneno: kumbe ni mjukuu wa Palpatine, mtawala mwovu kuliko wote. Nguvu zikarudishwa kwenye ukoo.

Huku kwetu, ambako kijana huulizwa "wewe ni mtoto wa nani?" kabla ya kuulizwa anajua kufanya nini, jambo hilo si la sinema tu. Hata anayetunga hadithi ya roboti na vyombo vya anga atalikuta. Na jibu moja liko karibu, Walikale, magharibi mwa Goma.

Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, uliochapishwa kitabuni mwaka 1969. Mwindo ni mtoto wa mwami Shemwindo wa Tubondo. Baba alitaka mabinti tu. Akamfungia mwanawe ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Lakini mtoto huyo alizaliwa akitembea na kusema, usinga mkononi. Kwa usinga huo anafufua wafu. Anamfuata baba yake hadi kuzimu na kumrudisha.

Wengi huishia hapo. Kwangu mimi, sehemu nzito ndiyo inayofuata. Mwindo, sasa mwami mwenye kujisifu, anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba anampandisha angani mwaka mzima. Huko ni baridi, jua na mvua, na kukaripiwa. Anakatazwa kuua mnyama tena. Aliporudi aliwapa watu wake sheria: wasimcheke kilema, wamwogope mwami, na mwami naye awaogope. Usinga alizaliwa nao. Sheria hizo hakuzaliwa nazo.

Wanuri Kahiu wa Kenya, katika filamu yake Pumzi ya mwaka 2009, hakuhitaji ukoo kabisa. Asha ni mfanyakazi wa makumbusho katika dunia isiyo na maji. Ana mbegu moja, na maji kidogo anayojinyima ili iote. Filamu ina dakika 20 na kidogo tu, urefu ambao kijana wa Goma mwenye kamera ya kuazima anaweza kuujaribu.