Fremu, Kioo na Haki ya Mama: Kupanga Bei Katika Duka Dogo la Fundi

AlhamduliLlaah, Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla hajapewa Utume.

Ama ba'ad. Tumepokea swali kutoka kwa kijana wa Pemba aliyefungua duka la kutengeneza fremu za picha huko Goba, Dar es Salaam, sehemu iliyokuwa Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya. Huko Bara, chumba cha duka nacho huitwa fremu, kwa hivyo kijana wetu analipia fremu ili auze fremu. Mtaji alipewa na mama yake, aliyeuza bangili zake za dhahabu. Kila mwezi kijana anamtumia mama shilingi 50,000 na kumwambia, "Hii ndiyo faida yako." Anatuuliza mambo mawili: je, faida ina kiwango kisichoruhusiwa kuvukwa? Na kwa nini kazi haikosekani lakini mbao na vioo dukani vinazidi kupungua?

Tunajibu hadharani kwa sababu familia nyingi za visiwani zina mtoto wao huko ng'ambo anayefanya biashara kwa fedha za nyumbani.

Faida haina kikomo, udanganyifu hauna ruhusa

Shari'ah haikuweka asilimia maalumu ya faida. Katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 29, Allaah Ametuhalalishia biashara iliyo baina ya watu wanaoridhiana. Na katika Swahiyh Al-Bukhaariy imepokewa kisa cha 'Urwah Al-Baariqiy (Radhiya Allaahu 'anhu): Mtume alimpa dinari moja amnunulie mbuzi, yeye akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari mkononi. Mtume hakumkemea, bali alimuombea baraka katika biashara yake. Hiyo ni faida ya mara mbili.

Kinachoharamishwa ni kuficha. Ukimwambia mteja fremu ni ya mbao na kumbe ni ya plastiki iliyopakwa rangi ya mbao, au ukakubaliana naye kioo cha milimita 3 ukamwekea cha milimita 2, hapo hata ukipata faida ya shilingi 100 imekosa baraka.

Hesabu inayokosewa

Tuchukue mfano wa picha ya sentimita 40 kwa 60. Bei tutakazozitaja ni za kuonyesha njia tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Mzingo wa picha ni sentimita 200. Lakini kila kona hukatwa kwa mshazari, kwa hivyo kila upande hurefuka kwa upana wa ubao mara mbili, na pande nne hufanya mara nane. Ubao ukiwa na upana wa sentimita 3, unaongeza 24, jumla 224. Anayepima picha peke yake huyapoteza hayo 24 katika kila kazi. Tukiongeza na kinachoharibika tuseme mita 2 na nusu, kwa shilingi 5,000 kwa mita ni 12,500. Kioo pamoja na kinachovunjika 5,500. Ubao wa nyuma 3,000. Gundi, misumari, ndoano na kamba 1,500. Vifaa vyote ni 22,500.

Kijana anauza fremu hiyo kwa 30,000 na anaona amepata 7,500. Hapa ndipo alipoteleza. Tuseme kodi ya chumba, umeme wa LUKU, ulinzi, nauli za kwenda Kariakoo kununua vifaa, ushuru na kunoa vyombo ni 300,000 kwa mwezi. Na ujira wa fundi mwenye ujuzi wake tuuweke 420,000. Jumla 720,000. Saa za mwezi anazofanya kazi zinazolipiwa, siyo saa anazokaa dukani, ni 120. Gawa: kila saa ya kazi ina mzigo wa 6,000. Fremu hii inachukua saa moja na nusu, yaani 9,000.

Basi gharama yake halisi ni 31,500. Anapouza kwa 30,000 anatoa sadaka ya 1,500 bila ya kunuia. Bei ya 38,000 ingempa faida ya 6,500 baada ya kila kitu, nayo siyo dhulma.

Lakini atazame pia upande wa pili. Kazi zikijaza saa 60 tu kwa mwezi, mzigo wa kila saa unakuwa 12,000, na hapo kupandisha bei pekee hakutamwokoa. Atafute kazi za idadi: vyeti vya skuli na madrasa, picha za harusi, michoro ya wachoraji. Asitupe vipande pia. Ubao wa mita 3 ukitoa 224, vinabaki 76, na fremu ya picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 kwa ubao huo huo inahitaji 74. Inatosha kwa taabu, lakini inatosha.

Makubaliano na mteja

Fremu ya kuagiza huitwa istiswnaa'. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy hupitishwa kwa masharti ya salam, na bei yote hulipwa pale pale. Ama Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1992, iliijuzisha hata kwa kulipa kidogo kidogo, kwa sharti kwamba aina, kipimo na sifa zibainishwe na muda uwekwe. Kwa hivyo andika risiti: ubao gani, kioo gani, siku gani, bei gani. Picha ya mteja iliyoko kwako ni amana; ukiiharibu kwa uzembe utailipa.

Na ndugu wakija kutaka kupunguziwa? Punguza katika fungu lako, siyo katika mali ya mama.

Haki ya mama

Hapa ndipo penye uzito. Ikiwa biashara haikupata faida, zile 50,000 hazikuwa faida. Zilikuwa bangili zake mwenyewe zikimrudia kidogo kidogo, na yeye anadhani mtaji uko salama.

Kwanza waulizane: fedha zile zilikuwa nini? Ikiwa ni mkopo, anachostahiki mama ni kiasi kile kile alichotoa, na ziada iliyoshurutishwa ni riba. Ikiwa ni ushirika, mtaji wake na kazi ya mtoto, basi haijuzu kumwekea kiasi maalumu cha kila mwezi. Huwekwa sehemu, kama nusu au thuluthi ya faida, na faida haigawanywi mpaka mtaji utimie. Fundi naye asijichukulie mshahara juu ya sehemu yake ila kwa makubaliano yaliyo wazi. Na kwa kuwa wanachuoni wa Shaafi'iy wameifunga mudhwaarabah katika kununua na kuuza, siyo kazi za mikono, njia nyepesi kwa karakana kama hii ni mkopo mwema ulioandikwa na kushuhudiwa, kama tulivyoamrishwa katika Aayah ya 282 ya Suratul-Baqarah.

Nasaha yetu kwa kijana: hesabu ubao, vioo, fedha na madeni yaliyoko dukani leo. Panda boti, nenda nyumbani, mweleze mama ukweli wote, na kwamba alichokwisha kupokea kimetoka katika mtaji wake. Umuombe radhi, kisha muandikiane. Itakuwa nzito, lakini ni nyepesi kuliko siku atakayouliza bangili ukawa huna la kumwambia.

Na kwa wazazi: mtoto akileta fedha, tumuulize imetoka katika nini. Wengi wanasema uongo kwa kuona haya, siyo kwa ubaya. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa.

Tunamuomba Allaah Aibariki kazi ya mikono ya vijana wetu popote walipo.

Na Allaah Anajua zaidi.